Jiko la Mchanga

Mkono wa mtoto ulipanda juu ya kichwa, ukapinda, ukaanza kushuka upande wa pili. Vidole vikanyooka, vikapapasa, vikakomea kati ya nywele zilizojaa punje za mchanga. Sikio la kushoto lilikuwa bado mbali. Mwalimu Urbanus alikitazama kidole cha kati kikihangaika, kisha akatikisa kichwa kama hakimu aliyekwisha kusikia ushahidi wote.

"Bado," alisema. "Mtoto hajafika."

"Baba," Herman alisema kwa upole wa mtu aliyetoka Mikumi na maneno yake yamepangwa, "siku hizi hawapimi hivyo."

"Wanapimaje?"

"Kwa usaili. Mtoto anaitwa ofisini, anaulizwa rangi, namba na herufi. Akijibu, wanamchukua."

"Mtoto wa miaka minne anafanyiwa usaili. Anaomba ukarani?"

Fausta, mke wa Mwalimu, aliyekuwa akichambua mlenda barazani, alicheka hadi ungo ukatikisika mapajani. Herman naye alicheka, ingawa si kwa furaha. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii, na mkewe Jenipher alikuwa mapokezi hapo hapo. Kwa kuwa zamu zao hazikuwa na usiku wala sikukuu, binti yao alikuwa amelelewa Kilosa tangu alipoachishwa ziwa. Sasa walimtaka arudi, na shule waliyomtafutia ilikuwa ile yenye basi la njano, ambako watoto wa chekechea walisemekana kuzungumza Kiingereza hata wakiwa usingizini.

Mtoto aliitwa Hildegarda, jina la mama mzazi wa Mwalimu Urbanus, na kwa hiyo yule mzee hakupata kumwita kwa jina. Alimwita Mama. Fausta, aliyekuwa na utani ndani ya mifupa, alimwita Mama Mkwe.

Mwalimu Urbanus hakuwa adui wa shule. Shule ilikuwa ndiyo iliyomtoa katika miteremko ya Vidunda na kumvisha viatu. Lakini alikumbuka vizuri jinsi padri alivyowapanga kwenye baraza ya misheni na kuwaamuru wavushe mkono juu ya kichwa. Ambaye vidole vyake havikugusa sikio alirudishwa nyumbani akawinge ndege mashambani mwaka mmoja zaidi, na hakuna aliyepungukiwa kitu kwa kurudi. Yeye mwenyewe alirudishwa. Baadaye, alipokuwa mwalimu mkuu kule Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa, aliwapima watoto wa wakulima na wa wafugaji kwa kipimo hicho hicho, kwa unyoofu ule ule. Kwake mambo yalikuwa wazi: kuna umri wa mchanga na kuna umri wa chaki, na kati yake pamekaa sikio.

Mchanga wenyewe ulikuwa pale uani, pembeni mwa tangi la maji. Ulisalia walipomaliza kujenga chumba cha nyuma, na kila mara Mwalimu alipotaka kuuza Fausta alipata sababu ya kumzuia. Hapo ndipo Hildegarda alipokuwa na jiko lake. Alikuwa na mafiga matatu ya mchanga mbichi, kopo la maziwa lililokuwa sufuria, na magunzi yaliyokuwa wateja. Wateja wale walikuwa na tabia zao. Mmoja hakulipa, mwingine alikuwa mgonjwa asiyetakiwa kula chumvi, na mmoja alikuwa dereva wa lori aliyekuwa na haraka siku zote.

Siku hiyo, kabla Herman hajaondoka, mtoto alimletea babu yake tonge juu ya jani la mgomba, akalishika kwa mikono miwili na kupiga goti kama alivyofundishwa.

"Karibu chakula, Babu."

Mwalimu alishusha miwani. "Hiki ni nini?"

"Ugali na mlenda."

"Huu ni mchanga, Mama. Sema kitu kilivyo."

Mtoto alilitazama jani, akamtazama babu, kisha akamgeukia bibi yake. Fausta alikwisha kunyoosha mkono. Alilipokea jani, akalipuliza kwa mashavu yaliyotuna, akarudisha kichwa nyuma.

"Weee, una moto! Mama Mkwe, unataka kuniunguza ulimi nisikuseme kwa majirani?"

Hildegarda alicheka hadi akakaa chini. Fausta alipuliza tena, akamega kidogo, akatafuna hewa, akasifu mlenda. Mtoto alipokimbilia jikoni kwake kumhudumia dereva wa lori, yule mama alimgeukia mumewe.

"Mwalimu, ungepungukiwa na nini kwa kupuliza mara moja?"

"Mtoto afundishwe ukweli."

"Ukweli atauona tu. Huo haumpiti mtu."

Katika juma hilo alikuja pia Mwalimu Joyce, binti aliyefundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya jirani. Alisimama langoni hadi alipokaribishwa, akaamkia, akaitikiwa marahaba. Aliomba Hildegarda aandikishwe kwake. Alieleza kwamba darasa lake lina kona: kona ya duka, kona ya nyumbani, kona ya kujengea, watoto hucheza na humo humo hujifunza.

"Kucheza anacheza hapa," alijibu Mwalimu Urbanus. "Mchanga upo. Nimtume shuleni akacheze tena? Shule ni mahali pa kazi, binti yangu. Wakati wake ukifika ataikuta."

"Lakini akipika anahesabu, Mwalimu. Muulize nani amekula na nani bado."

"Nitamwuliza akifika saba."

Joyce alitabasamu, akaaga. Fausta alimsindikiza hadi barabarani na walizungumza huko kwa muda mrefu. Waliloongea Mwalimu hakuuliza, na baadaye hapakuwa na wa kumwuliza, kwa maana mvua za masika zilipoanza, Fausta alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake, akarudishwa amelala.

*

Nyumba iliyofiwa huwa na kelele nyingi kwanza, halafu huwa na kimya ambacho mtu hawezi kukizoea. Mwalimu Urbanus alikikabili kimya kile kwa utaratibu. Alinyoa ndevu kila asubuhi. Alipanga viti. Alikula alichopewa. Na siku ya kujengea kaburi ilipofika, aliamka mapema kuliko wote, akavaa suti yake ya kijivu, akawasubiri mafundi.

Mafundi walikuja na saruji lakini hawakuwa na mchanga. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa hadi kingo, na guta la mizigo lililotegemewa kuuleta lilikwama kwenye tope. Padri alikuwa amekwisha kufika. Ndugu walikuwa wamekwisha kushuka kutoka Vidunda. Fundi alikuna kichwa, akazungusha macho uani, yakatua pembeni mwa tangi.

"Mwalimu, ule pale unatosha."

Mzee aliutazama. Mafiga matatu yalikuwa bado yamesimama, mvua imeyala kidogo. "Chukueni," alisema.

Waliupakia kwenye toroli. Waliyaweka magunzi kando kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaohamisha vyombo vya mwenye nyumba. Hildegarda alisimama karibu na mlango akiwa na gauni lake jeupe. Hakulia. Toroli la mwisho lilipotoka, alimshika babu yake kidole.

"Wanampelekea Bibi jiko?"

Watu kadhaa waligeuka. Shangazi mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Lilikuwa swali ambalo mtu mwingine yeyote angeliitikia kwa ndiyo, na ndiyo hiyo isingemdhuru mtu.

"Hapana, Mama," alisema Mwalimu Urbanus. "Ni wa kuchanganyia saruji."

Mtoto alikiachia kile kidole.

Alasiri, watu walipokuwa wakila, Ditram alimsimamisha mjukuu wake juu ya kiti. Ditram na Urbanus walikuwa wamesoma dawati moja, wakastaafu mwaka mmoja, na katika maisha yao yote hakuna aliyemkubali mwenzake hata katika kukuna nazi. Yule mjukuu, mvulana wa umri wa Hildegarda, alifunga mikono nyuma akashusha mistari ya Kiingereza bila kupumua: siku za juma, miezi, wanyama, viungo vya mwili. Waombolezaji walisahau msiba, wakapiga makofi.

"Na huyu wako, Mwalimu?" Ditram aliuliza, akimtazama Hildegarda aliyekuwa amejikunja chini ya meza na gunzi mkononi. "Mjukuu wa mwalimu mkuu! Hebu tusikie."

"Huyu bado," alisema Urbanus.

"Bado, bado. Wenzake wako kituo cha pili, yeye hajapanda basi." Ditram alicheka, na waliokuwa karibu walicheka pia, kicheko kidogo cha watu walioshiba.

Mtu aliyemwona mzee yule wakati ule asingedhani kwamba limempata jambo. Alikaa wima kama kawaida, akamwongezea Ditram maji ya kunawa. Lakini huko ndani, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka hamsini sikio lilikuwa limekaa kama mlinzi, mlinzi aliondoka. Pengine asingeondoka kama Fausta angekuwepo wa kumcheka Ditram. Kulipokucha, Mwalimu Urbanus alipeleka meza ndogo katika chumba cha nyuma, akanunua penseli, akamwambia Herman kwa simu: "Uliza hao watu usaili wao ni lini."

*

Hakumpiga. Hilo alilijua na wengine walilijua. Mwalimu Urbanus hakupata kumpiga mtoto asiyefika darasa la tatu. Alikuwa na kitu kizito kuliko fimbo. Mtoto alipokosea, mzee aliweka kidole kwenye herufi iliyopotoka, akasema, "Nitakungoja," kisha akanyamaza. Alinyamaza hadi saa ya ukutani ikasikika. Hildegarda alitazama dirishani, akatazama miguu yake isiyogusa sakafu, akatazama penseli. Hatimaye, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kushindana na mtu mzima katika kunyamaza, aliandika.

Aliandika vizuri. Hilo ndilo lililomlevya yule mzee. Kabla kiangazi hakijaiva alikuwa akijaza ukurasa kwa herufi zilizosimama kama gwaride. Alihesabu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Hakuuliza kuhusu jiko. Mara ya kwanza alipoulizwa na mgeni anapenda kucheza nini, alimtazama babu yake ili ajue jibu. Mgeni alisifu adabu. Mwalimu Urbanus naye aliona ni adabu.

Usaili alishinda. Alihamia Mikumi kwa wazazi wake, akavalishwa sweta yenye nembo, akawa abiria wa basi la njano. Kila Jumapili Herman alipiga simu na mtoto alipewa aseme alichojifunza. Alisema chote, mzee akasikiliza chote, kisha simu ikakatika bila yeyote kati yao kuuliza habari ya mwenzake.

Kadi ya mahafali ya chekechea ilipofika, jina la Hildegarda lilikuwa limeandikwa humo kama msoma risala. Mwalimu Urbanus aliipeleka kadi kwa Ditram kwa miguu yake.

*

Alisafiri kwenda Mikumi akiwa na ile suti ya kijivu. Usiku wa kuamkia mahafali tembo walikuwa wamepita nyuma ya nyumba ya Herman na kuilaza migomba yote. Nyayo zao zilikuwa zimejaa maji, kila moja pana kama beseni. Mzee alitamani kumwonyesha mjukuu wake, lakini mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa shuleni kwa mazoezi ya mwisho.

Watoto waliingia ukumbini kwa foleni, wamevaa majoho mekundu na kofia za pembe nne zilizowashuka hadi kwenye nyusi. Hildegarda alipanda jukwaani. Walimshushia kipaza sauti. Akasoma kwa kichwa, hana karatasi, Kiingereza kirefu chenye kushukuru wazazi na kumshukuru mgeni rasmi na kutaja wanyama kwa mpangilio wa herufi, na hakukwama hata mara moja. Ukumbi ulisimama. Mwalimu Urbanus alisimama kabla ya wote. Alipiga makofi hadi viganja vikauma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, machozi yalimtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Alimfuata nyuma ya jukwaa. Mtoto alimwona, akasimama wima, akashika pindo za joho.

"Shikamoo, Babu. Nimekosea wapi?"

"Marahaba, Mama. Hukukosea."

Alingoja kama anayejua kwamba hukumu haijaisha. Mzee alitafuta neno la kumpa. Akachagua, miongoni mwa wanyama wote wa risala ile, yule wa herufi E.

"Yule mnyama uliyemtaja baada ya mbwa. Ni mnyama gani?"

"Ni wa E."

"Ndiyo. Lakini ni nani? Anafananaje?"

Midomo ya Hildegarda ilianza kucheza. Macho yake yalikimbia ukutani, kwenye mabango, kwenye dari. Kilomita chache kutoka pale walipokuwa, wanyama wale walikuwa wakila majani porini, na nyuma ya dirisha alilolalia usiku uliopita walikuwa wamesimama na kupumua. "Nitakumbuka," alinong'ona. "Babu, ningoje, nitakumbuka."

Mwalimu Urbanus alihisi kana kwamba mtu amemwita kwa jina asilotaka lisikike. "Si lazima," alisema. "Mama, si lazima." Lakini mtoto alikuwa ameanza upya kimoyomoyo, A, kisha B, akiishuka ngazi ile ili amfikie mnyama.

Jioni, Herman alipokuwa zamu, Jenipher alimwandalia mkwewe chai. Alikuwa mkweli kwa namna ya watu wa kwao kanda ya ziwa, ambao heshima kwao haizuii jambo kusemwa, ila hutaka goti lipigwe kwanza.

"Baba, nina neno, na usinione mkosefu."

"Sema, mwanangu."

"Nilimnunulia mwanasesere. Amemkalisha kwenye kiti, pale." Alionyesha pembeni. Mwanasesere alikuwa amekaa wima, bado na karatasi yake ya dukani, daftari limefunguliwa mbele yake. "Hambebi. Hamlazi. Anamwekea kidole kwenye daftari, anamwambia, 'Nitakungoja.' Kisha ananyamaza. Baba, ananyamaza mpaka naogopa. Nimewauliza shuleni, wanasema hilo neno hawalitumii."

Mzee alikisukuma kikombe kando.

"Ni langu," alisema.

*

Likizo ilipoanza, Hildegarda aliletwa Kilosa. Mwalimu Urbanus alikuwa amemtafuta mwenye guta mapema, mto ukiwa umepungua, akamwambia amletee mchanga wa Mkondoa, ule mweupe wa katikati, si wa kingoni. Uliporomoshwa pembeni mwa tangi. Magunzi aliyatafuta mwenyewe kwa mwuza mahindi, akayakausha juani. Kopo la maziwa la zamani lilikuwa bado darini na kutu kidogo kwenye ukingo.

Alimshika mjukuu mkono, akampeleka. Mtoto alisimama mbele ya lile fungu akiwa na soksi nyeupe na nywele zilizosukwa vizuri, safi, hakuna punje hata moja.

"Nifanye nini, Babu?"

"Unachotaka."

Alifikiri. Alivua viatu, akavipanga sambamba, akachuchumaa. Kwa kiganja alisawazisha mchanga hadi ukawa kama ubao. Kisha kwa kidole akaanza kuandika kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, herufi zilizosimama kama gwaride, akiacha nafasi sawa, akirudi mwanzo kila alipofika mwisho. Alipojaza, alipangusa mikono.

"Nimemaliza. Sahihisha."

Mtu aliyesahihisha kazi za watoto wa vijiji vizima alisimama pale na hakujua aweke alama gani. Alipiga magoti, goti moja kwanza, la pili likafuata kwa maumivu, suruali ikaloa. Hakufuta herufi zile. Alianzia kando yake. Alichota mchanga mbichi, akaufinyanga, ukaporomoka, akaufinyanga tena. Figa la kwanza lilisimama. La pili. La tatu lilipinda kama jino la mtoto.

"Hiyo ni herufi gani?" Hildegarda aliuliza.

"Si herufi. Ni jiko."

Alilisogelea, akalichunguza kwa makini ya mwanafunzi ambaye huenda akaulizwa kesho. Mzee aliweka kopo juu ya mafiga. Moja lilibomoka, kopo likalala ubavu. Akalisimamisha. Fausta angejua la kusema sasa. Angejua jina la dereva wa lori, na kama yule mgonjwa ameruhusiwa chumvi. Yeye aliishi miaka yote hatua chache kutoka kwenye jiko lile na hakuwa ameyashika majina.

"Mama," alisema, "nina njaa. Leo umepika nini?"

Hildegarda alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta humo jibu linalotakiwa. Kisha uso wake ukakunjuka. Alikuwa amelikumbuka. Alichota tonge moja, akaliweka juu ya jani, akalinyoosha kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Huu ni mchanga, Babu," alisema kwa sauti safi ya jukwaani.

Jibu lilikuwa sahihi. Alibaki amepiga goti, akingoja kusifiwa.

Mwalimu Urbanus alilipokea jani. Alitaka kumwambia kwamba hakuna haraka, kwamba atakuwa hapa kesho na kesho kutwa, kwamba atamngoja. Lakini neno hilo alikwisha kuliharibu, hakuweza kulitumia tena. Kwa hiyo aliinua jani hadi mdomoni, akatunisha mashavu, akapuliza. Punje zilizokwisha kukauka ziliruka, zikamwingia kwenye miwani, zikatua kwenye soksi nyeupe na kwenye nywele za mtoto. Hildegarda alizitazama soksi zake. Hakuzipangusa, na hakucheka. Mzee alivuta pumzi, akapuliza tena.